Ukurasa wa Hamsini na Nane

Nkwimba, umeniuliza usome nini likizo hii.
Mwalimu wako angekupa orodha.
Mimi fundi viatu wa Makoroboi
nina gundi, nina misumari, nina kreti la soda.
Kaa hapo. Kiatu chako kingoje.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilitumwa karanga
kwa Bi Nyanzala, kule Mabatini, chini ya majabali.
Akachana karatasi ya kitabu, akaisokota pembe,
akanipimia.
Karanga hazikufika nyumbani
(nilichapwa, ila hiyo ni hadithi nyingine),
ikabaki karatasi, ina chumvi, inang'aa mafuta.
Mbele hamsini na saba. Nyuma hamsini na nane.

Palikuwa na mbwa.
Jina lake waliondoka nalo walionunua kabla yangu.
Mguu mmoja mbovu, msafara umemwacha,
mto umefura, na ng'ambo, gizani,
mtu anapiga mluzi anaoujua.
Akatia mguu mzima, akatia ule mbovu,
na maji yaka-

Basi. Ukingo wa karatasi.

Yakafanya nini, Nkwimba?
Usiku, koroboi ikitoa moshi, nilimalizia mwenyewe:
yakambeba. Yakammeza.
Siku niliyoshiba, yakamhurumia.
Siku baba alipokawia kurudi kutoka Ukerewe
sikumalizia kabisa.

Nilikula karanga mwaka mzima nikiitafuta hamsini na tisa.
Bi Nyanzala akadhani nimempenda binti yake.
Nilipata kurasa za hesabu, risiti za pamba,
nusu ya ndovu jike aliyesimulia ukame kwa kinywa chake,
robo ya mvulana aliyejificha ndani ya meli ya chumvi,
na kipande cha bwana mmoja mwenye darubini
aliyepanda kilima akapaza sauti kwamba amegundua ziwa.
Hao nao uwasome, nitakutafutia wazima.
Huyo wa darubini msome ukiwa na swali mkononi:
nani alikuwa akisugua sufuria pale ufukweni
wakati yeye anagundua?
Na ndovu usimsome kwenye kivuko.
Utalia mbele za watu.

Kitabu chenyewe nilikipata nina mvi tatu,
kwenye turubai la mitumba, Kirumba,
kimebanwa na kamusi iliyopoteza herufi M.
Jalada hakina. Nilikijua kwa mluzi.
Nikafunua hamsini na nane kwa kidole kinachonuka gundi,
nikasimama hapo, jua la saa saba utosini,
mtu mzima, naogopa kugeuza karatasi.

Nikageuza.
Neno lilikuwa dogo kuliko yote niliyotunga.
Nikacheka. Muuzaji akadhani nacheka bei,
akapunguza mia mbili.

Neno gani? Sikuambii.

Shika. Ni hiki hapa, kimefungwa gazeti.
Nimekishona:
kuanzia hamsini na tisa hadi mwisho, uzi wa viatu,
mishono saba, ile ninayowawekea makondakta.
Ukifika kwa mbwa mtoni, funga, zima taa.
Usiku mmoja maji yawe yako.
Asubuhi chukua wembe, fumua taratibu,
usikate herufi.

Kaka yako akisema vitabu vya wanyama ni vya watoto wadogo,
msomee mstari ule wa mwisho, kisha nyamaza.
Utamwona anavyozungukazunguka uani
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Jumamosi ukirudi, anza kunipa neno lako.
La kitabu baadaye.

Haya, lete kiatu.
Kinacheka hadi soksi inaonekana.