Kalamu ya Zambarau

Kazi yangu ni kuchora mstari.
Ghorofa ya tatu, Şişli, juu ya duka la vifungo:
kalamu ya zambarau, kioo, taa isiyosamehe.
Mwaka wa kumi na nne huu nachora mapaji ya watu.
Wengi hufumba macho nikiwachora,
kama watoto wanaopakwa dawa.

Leo kaja Tuğrul, miaka ishirini na miwili,
ameuza pikipiki.
Kaletwa na baba yake, Rüstem, dereva wa basi la Eskişehir,
kipara king'aacho, kofia mkononi,
anatafuta pa kuiweka hiyo kofia na hapaoni.

Kijana ana picha kwenye simu,
mwanamume wa tangazo la saa,
nywele zimeshuka karibu zisalimiane na nyusi.
"Hivi, dada. Chini kidogo. Hapo hapo."
Nikachora alipotaka.
Mwenye kliniki anahesabu mwezi kwa vichwa,
na mimi nina kodi ya nyumba.

Akaingia Daktari Nezahat na bilauri yake ya chai.
Paji hakulitazama.
Aliomba kisogo.
Akapitisha kidole polepole,
kama mtu anayepekua daftari la benki,
akaweka lenzi, akanung'unika namba,
kisha akamgeukia baba:
"Na wewe, hebu inama."

Sijui nani aliwaambia watu kwamba tunaotesha.
Hatuoteshi kitu.
Tunahamisha, unywele kwa unywele,
kutoka kisogoni kwenda mbele,
na ulipong'oka mmoja haurudi mwingine.
Kisogo ni akiba isiyo na mshahara wa kuijaza.
Nimeona waliolipamba paji kwa kufilisi kisogo;
hao hawakai kiti cha mbele kwenye basi.

"Nywele zako bado ziko safarini," alisema Nezahat.
"Nikipanda leo hapa penye mstari,
za nyuma yake zitaendelea kuondoka.
Ukifika thelathini
utakuwa na ua zuri mbele ya kiwanja kitupu.
Tumia dawa mwaka mzima, tuone zinakoelekea.
Kisha uje. Au usije."

Masikio yalimwiva Tuğrul.
"Kliniki ya pale chini
wamenikubali kwa picha tu."
"Najua," Nezahat akasema. Akanywa chai.
"Baadaye huja kwangu."

Friji ya dawa ikanguruma, ikanyamaza.

"Anayefaa humu ndani ni baba yako.
Kisogo kizito, upara umetulia
miaka ishirini, hauna haraka ya kwenda popote."

Rüstem akacheka hadi kofia ikamponyoka.
"Mimi! Asubuhi napitisha kitambaa, basi, niko tayari.
Marehemu mama yake alikuwa akinibusu hapa,"
akagusa utosi,
na kidole kikabaki palepale, kikasahau kushuka,
"leo mnipandie majani?"

Tuğrul alimtazama.
Nimeona wateja wakitazama bei, wakitazama sindano;
sijaona mtu akikitazama kichwa namna ile,
kama barua iliyofika zamani
na leo tu ndiyo imefunguliwa.

Nikachukua pamba na spiriti nimfute mstari.
Akanizuia mkono.
"Acha."
Nilipaswa kumwambia wino ule hautoki kwa mvua,
na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Dirishani niliwaona wakitokeza barabarani.
Baba akamvika mwana ile kofia,
akaivuta mpaka juu ya nyusi, zambarau yote ikafichika.
Kijana hakuivua.
Penye kona, kulia ni kituo cha treni,
kushoto ni ile kliniki nyingine.
Walisimama.
Lori la maji ya kunywa likapita katikati yetu,
refu, taratibu,
na Nezahat akaita kutoka ndani:
"Anayefuata."