Mita ya Mtopepo

Karatasi ya ofisi ilisema: nyumba haina namba,
nyuma ya kinu cha zamani, Mtopepo, mita imekwama.
Nikamuuliza muuza urojo.
Akanielekeza kwa kidevu, mikono ina pilipili:
"Shuka tu. Ukisikia nyundo, umefika.
Ukisikia vyura, umepita."

Nikashuka.
Njia ya mtu mmoja na ndoo yake,
huku ukuta wa matofali, huku magugu
na ule mto (tuseme mto, tulistahi jina)
umebeba chupa, kifuu, kandambili ya mguu wa kushoto.
Miaka kumi na minne nasoma mita mji huu,
Kikwajuni namjua kila paka, Jang'ombe kila ngazi,
na hapa sijawahi kukanyaga.

Kinu hakina paa, hakina mafuta.
Harufu ya mbata tu ndiyo haijahama,
imejibana kwenye nyufa kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Na ndani, watu wa chuma.

Kumi na mmoja. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.
Wamepanga foleni, kila mmoja na ndoo,
mabomba ndiyo mifupa, viungio ndiyo magoti,
na vichwa ni koki za shaba, zile nzito za zamani,
zenye muhuri wa Idara yangu.
Mabomba tuliyoyafukua Miembeni, tukayaacha kando ya njia
hata yakapotea,
na mimi, kwa mkono wangu, nikaandika: yamepotea.

"Hayakupotea," akasema Ussi Pandu, akivua miwani ya kuchomea.
"Yalichoka kulala."

Kazija yuko ukutani, anachora kwa tope la mto,
la juu jekundu, la chini jeusi kama wanja.
Nikamwambia, masika yatafuta yote haya.
"Yatafuta," akasema, akachovya tena vidole.

Wa mwisho kwenye foleni ni mwanamke,
ameinama, mkono mmoja kiunoni.
Hana sura, lakini namjua;
namjua kwa kule kuinama.
Saa tisa usiku, Saateni, mimi mtoto nimeshika kata,
yeye amesimama hivyo hivyo
tukingoja bomba likohoe.

Kidoleni mwake likatoka tone.
Halafu jingine. Likaanguka kwenye ndoo ya kweli.

Macho yangu yakafuata mpira, kama nilivyofunzwa:
kifundo cha mguu, chini ya jiwe, hadi bomba kuu.
Bila mita. Bila jina la mteja.
Ussi akatazama viatu vyake.
Kijana aliyekuwa akigonga bati huko nje akaacha,
na katika ule ukimya
nikasikia vyura.

Daftari langu lina safu tano:
namba, jina, hesabu ya zamani, hesabu mpya, maoni.
Nikatia kidole chini ya kidole chake.
Maji ya baridi, yana kutu,
yana ile chumvichumvi ya mji wetu.
Kwenye hesabu mpya nikaandika: tone moja kwa kila pumzi.
Nikakata. Watanicheka ofisini.
Kwenye maoni nikaandika:
mita imekwama, ifuatwe tena.

Nitaifuata mwenyewe.
Kabla ya masika, Kazija hajamaliza ukuta,
nije na ile kata ya mama,
kama bado ipo juu ya kabati.