Kishikio cha Pili

Nina funguo arobaini na moja kiunoni,
na hakuna hata mmoja usiofungua mlango wa Ebenezer Pirnie.
Usiku, watoto wakishaondoka na soksi zao mbichi,
shule hii ya Dundee hubaki na mimi na yeye,
yeye aliyekufa miaka tisini iliyopita
na bado ananielekeza pa kuweka mguu.

Michoro yake niliikuta chumba cha tanuri,
imekunjwa nyuma ya makopo ya rangi.
Wino umegeuka kahawia, chai iliyosahauliwa;
mwandiko mdogo, wa mtu anayejinunulia karatasi.

Baba yake alikuwa mwashi kule Arbroath,
mkata mawe mekundu, akikohoa wekundu uleule.
Alimwambia: "Wewe kata karatasi. Karatasi haina vumbi."
Basi akapanda treni na miaka yake kumi na minne,
akakaa juu ya stuli ndefu katika ofisi ya mtu mwingine
akichora madirisha ya matajiri wa juti,
kila dirisha likitoka na jina lisilo lake.

Shindano la maktaba, alishindwa.
Shindano la ukumbi wa mji, alishindwa;
ngazi zake wakazichukua, jina wakaliacha mlangoni.
Akapewa makombo: zizi la farasi wa polisi,
nyumba ya kufulia yenye mabomba kumi na sita,
kanisa ambalo fedha ziliisha kabla ya mnara,
hadi leo limekaa kama mtu aliyepokonywa kofia.
Hakunung'unika. Au alinung'unika kwa penseli:
pembeni mwa mchoro wa zizi ameandika,
"Farasi, angalau, hawaundi kamati."

Halafu, mwaka 1908, shule hii.

Tazama ngazi.
Wengi huona kishikio kimoja, cha juu, cha walimu.
Mimi ninayesugua shaba nakiona cha pili,
usawa wa goti langu,
kikipanda ubavuni mwa kile cha juu kama ndama na mamaye.
Kamati ilikifuta kwa wino mwekundu:
*Gharama isiyo ya lazima.*
Chini ya wino huo, risiti iliyobandikwa kwa gundi:
shaba, futi mia na arobaini, imelipwa na E. Pirnie.
Na kwenye kona, vipimo vya kiganja,
inchi nne na robo,
*Elspeth, miaka sita, mguu wa kushoto mzito.*

Sijui zaidi kuhusu Elspeth. Nimetafuta.

Vita vilipokuja, ofisi ya watu watano ikawa ya mmoja.
Stuli nne zikapinduliwa juu ya meza
na hakuzishusha hata amani ilipotangazwa.
Watu wakataka saruji, vioo, paa bapa.
Kazi yake ya mwisho ilikuwa kibanda cha kungojea tramu,
benchi limeinamishwa kidogo ili mvua isituame.
Kibanda kilibomolewa. Benchi, sijui.

Juzi alikuja mkaguzi na kifaa cha mwale mwekundu.
Akapima, akatikisa kichwa:
kishikio cha chini hakimo katika kanuni,
watoto watakiparamia, nani atawajibika?
Nikasema ndiyo, bwana.
Huku nimejifunza kusema ndiyo kwa njia saba.
Fomu ya kuking'oa iko mezani tangu Jumanne,
inangoja sahihi yangu.

Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sijui kama msemo huo unastahimili baridi hii.
Najua tu kwamba pale kona ya tatu
shaba ya chini imelika hadi ikapata kiuno,
na asubuhi, kabla ya kengele,
yule wa darasa la kwanza mwenye begi kubwa kuliko mgongo
hushika hapo hapo,
wala hapandi mpaka ameshika.