Magogo Mawili

Walisema wiki hii. Wiki jana pia walisema wiki hii.
Redio ya Baba iko dirishani tangu alfajiri:
bei ya kahawa, vifo, mahubiri,
kisha muziki, kisha vifo tena.
Mtangazaji akikohoa kabla ya kusema,
Mama anaacha kumenya ndizi,
kisu kimekwama nusu ya ganda.

Mimi nachambua kahawa.
Punje nzima huku, iliyotobolewa na mdudu kule.
Nimekuwa msahihishaji: natoa maksi, nafuta maksi.
Jana nilikuta moja yenye ufa mdogo,
nikaigeuza, nikaigeuza,
nikaitia upande wa nzima.
Huenda na mimi nilipata mtu wa namna hiyo,
mtu aliyelala vizuri
usiku wa kuamkia karatasi yangu.

Usiku ndio shida.
Usiku swali la tano la hesabu hurudi na viatu vyake:
tangi, mabomba mawili,
maji yanaingia, maji yanatoka, litajaa saa ngapi?
Niliziacha sentimita zikabaki sentimita
na dunia nzima ilikuwa inataka mita.
Tangu Novemba tangi lile linajaa kitandani kwangu.
Muhindo, mdogo wangu, amelala papo hapo, mdomo wazi,
kama mtu ambaye hajawahi kudaiwa jibu.

Kabugho, tuliyekaa naye dawati moja,
nilimwuliza yeye anafanyaje.
Anafua, alisema.
Amefua mapazia, amefua magunia,
amefua hata nguo zilizotoka kwenye kamba.
Akanionyesha vidole vilivyochubuka, tukacheka,
halafu kicheko kikatuishia sote mara moja.

Simu ni ya Baba. Mtandao uko kichuguuni, nyuma ya choo.
Jumanne ililia.
Tulikimbia wote, na kuku wakatukimbia.
Ilikuwa kampuni, inauliza
kama tungependa kushinda pikipiki.
Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani,
akakaa pale muda mrefu
kuliko kicheko chenyewe.

Na dukani kwa Masereka:
“Bado?”
“Bado.”
“Mtoto wa dada yangu alipata daraja la kwanza.”
Ananipimia sukari polepole, kama anayetoa rambirambi.

Daraja la kwanza, la pili, la tatu.
Kwetu lilikuwa moja tu, hatukulipa namba.
Nyamugasani alishuka nalo mwezi wa tano,
usiku, akiviringisha mawe ya mlimani,
na asubuhi tukakuta nguzo mbili,
kila moja na ukingo wake,
kama ndugu waliogombea shamba.
Sasa tunavukia magogo mawili ya mkalitusi
yaliyofungwa kwa waya.

Leo Mama amenitwika nusu gunia
nipeleke ng’ambo kwa mnunuzi.
“Usitazame maji,” alisema, kama kila siku.
Mvua ilikuwa imenyesha juu,
mto una rangi ya chai ya maziwa, una sauti.
Nikaweka mguu. Gogo likanesa.
Mguu. Waya. Mguu.
Kichwani mzigo, chini ya unyayo gome lenye utelezi,
na kidole gumba kinachotafuta pa kushika
kana kwamba ndicho kilichosoma miaka saba.

Nilipotua gunia ng’ambo ndipo nikajua:
tangi halikuwepo.
Wakati wa kurudi nilihesabu. Hatua kumi na tisa.
Hatua kumi na tisa sikuwa nangoja kitu.
Lakini kwa kuzihesabu niliziharibu;
kabla sijafika ukingoni
maji yalikwisha kuanza kuingia, kutoka.

Nyumbani, Baba yuko juu ya kichuguu,
mkono wenye simu ameunyoosha kabisa,
kisigino kimeinuka,
kama mtoto wa mbele darasani anayejua jibu
na mwalimu hamtazami.

“Bado?”
“Bado.”

Nikavuta ungo.
Hii nzima. Hii nzima.
Hii, sijui. Nimeiweka magotini kwanza.