Viti Kumi na Viwili

Jumatatu, jogoo wa jirani hajaamua bado,
bidoni zetu nne zimeshapanga foleni bombani Kadutu.
Iragi amelala juu ya moja, kofia usoni.
Maji ya Regideso ni mgeni wa usiku:
ukisinzia, ameshapita.

Mimi nahesabu viti.
Viti kumi na viwili vya plastiki, mali ya shirika,
chini ya kila kimoja msalaba wa rangi ya kucha
niliouchora kwa chupa ya Nabintu iliyokaribia kukauka.
Vimerudi kutoka matangani kwa kina Balagizi
na udongo wa makaburi miguuni.
Nani avioshe? Usiulize.
Mbele ya jina langu katibu aliandika "viti",
akafunga daftari.

Jumanne siikumbuki vizuri.
Kulikuwa na sombe ya kutwanga.
Asifiwe amefukuzwa shule, minervali imebaki dola saba,
kaja na karatasi yenye muhuri.
Mume wangu aliisoma mara mbili,
akaitia ndani ya Biblia, kwenye Zaburi.
"Ikae hapo. Huenda Mungu naye akaisoma."
Nilicheka. Kisha nikaenda kuuza
kitenge nilichokuwa nakilindia Pasaka.

Jumatano mvua, na njia ya kilimani ikawa sabuni.
Mama Furaha aliteremka kwa makalio
hadi mlangoni kwa fundi viatu,
sufuria ya maharagwe ameinyanyua juu ya kichwa,
hata punje moja haikumwagika.
Watu wakampigia makofi.
Jioni, mazoezi ya kwaya, alikalia upande mmoja
akaimba sauti ya pili
safi kuliko siku zote.

Alhamisi shirika likasali kwetu.
Kitanda tulikisimamisha ukutani
watu ishirini na sita wapate kuenea.
Umeme ulikatika katikati ya Nasadiki
na hakuna aliyenyamaza.
Gizani nikasikia sauti ya kila mtu ilivyo:
mzee Cirhuza akikohoa juu ya Pontio Pilato,
wanangu wakikimbilia Amina kwa ajili ya maandazi,
na mume wangu, ambaye mchana hasemi mengi,
akilishika neno "ufufuko"
kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi mkaidi.

Wakatawanyika. Kwa tochi ya simu nikahesabu:
kumi na kimoja.
Naye mume hayupo.
Alirudi usiku wa manane, suruali matope hadi magotini.
Sikumuuliza kitu. Niligeukia ukuta
nikalala na hasira yangu, tukabanana.

Ijumaa, Njia ya Msalaba, kituo cha tatu,
Yesu anaanguka mara ya kwanza
na mimi nawaza kiti.
Katibu kaniangalia
kana kwamba nimekilipia likelemba.

Jumamosi, kwenye salongo, majembe mferejini,
ndipo nikasikia, tena kwa watu wa nje:
Nankafu alishikwa na uchungu usiku ule wa Alhamisi,
gari haliwezi kupanda kwetu,
wanaume wanne wakamkalisha kitini
wakamteremsha mvuani hadi kwenye materniti,
mguu wa mbele akiwa mume wangu.
Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu.
"Mbona hukuniambia?"
Akaendelea kuchota tope.
"Si ulikuwa umegeukia ukuta."

Nilikikuta kando ya kitanda chake, Nankafu amekikalia,
ananyonyesha, jasho limemkauka shingoni.
Mguu mmoja una ufa.
Nilitaka kusema neno kuhusu ufa.
Nikampakata mtoto, akanikojolea.

Leo Jumapili, misa ya pili, kitenge cha zamani.
Sadaka ndogo, jua kali juu ya ziwa,
sambaza za kukaanga mchana, shukrani kwa Mama Furaha.
Daftarini nimeandika: viti 12.
Kuhusu ufa, katibu atajionea mwenyewe
siku atakapoketi.

Iragi, lete bidoni.
Iliyopasuka iweke ya mwisho.