Hati ya Shamba la Miwa

Saa nne na nusu, mahakama ya Hatkanangale,
feni inazunguka kivivu, kama ng'ombe wa kinu,
nami nimebana hati kwapani,
hati ya shamba, robo tatu ya ekari,
jina la marehemu mume wangu limekatwa kwa wino
na langu limeandikwa juu yake, herufi zimepinda.

Wako watatu kizimbani.
Pintya, anayesemekana alivunja kabati la sonara,
haombi chochote. Anatazama kucha zake.
Nyuma yake Ganpat wa bajaji, miaka kumi na tisa,
eti alibeba gunia bila kuuliza lina nini.
Nani huuliza gunia? Nauli ni nauli.
Na wa tatu ni Sunanda, mke wa mwanangu,
msugua mafurungu kwa ukwaju na maji ya moto,
eti aliacha dirisha la karakana bila komeo.

Jozi kumi na moja za fedha.
Wanazitaja, wanazitaja tena,
kana kwamba zikitajwa mara moja zaidi
njuga zitalia zenyewe huko zilikofichwa.

Mwendesha mashtaka ana mafua.
Mheshimiwa, asema, hawa wakitoka watavuruga ushahidi.
Wakili wetu, kijana, koti la kuazima,
mikono ya koti imemmeza hadi vidoleni,
ajibu: kushukiwa si kuhukumiwa,
siku arobaini na tatu rumande,
mtoto analishwa maziwa ya mbuzi.
Hapo hadanganyi. Mbuzi ni wangu.

Niseme kweli, kwa kuwa sijaapishwa:
sikumpenda tangu siku alipovuka kizingiti changu.
Mkono wake wa chumvi ni mzito. Hucheka peke yake jikoni.
Na mwezi ule wa wizi alinunua sari ya kijani,
nikahesabu, nikahesabu tena,
mshahara wake haukufika kwenye pindo.
Polisi hawakuniuliza habari za sari.
Nami sikusema. Kunyamaza nako kuna uzito,
nimekubeba hadi hapa pamoja na hati.

Hakimu anasoma. Anafunua ukurasa, anarudi nyuma.
Mtu anakohoa. Nje muuza karanga anagombana na askari.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:
dhamana kwa wawili, rupia elfu ishirini na tano kila mmoja,
mdhamini mwenye mali,
kuripoti kituoni kila Jumatatu,
wasitoke nje ya wilaya, wasimkaribie sonara,
wasalimishe pasi zao za kusafiria.
Kicheko kikamtoka Ganpat kama chafya.
Pasi! Hata cheti cha kuzaliwa hana.
Pintya akateremshwa ngazi. Mama yake hakuja,
au alikuja, akakaa tusipomwona.

Karani akaniuliza: Huyu unamjua?
Swali dogo. Kalamu yake iko hewani.
Nikaiona miwa yangu, bado kimo cha goti,
nikaiona siku Sunanda asipoitika jina lake,
na wanaume wa serikali wakipima shamba kwa mnyororo,
wakikanyaga machipukizi.
Namjua, nikasema.
Kusoma na kuandika naweza, ila mkono uligoma;
nikabonyeza dole gumba kwenye wino.

Njiani hakusema asante.
Sikumuuliza alifanya au hakufanya.
Mdhamini hadhamini moyo wa mtu,
hudhamini miguu yake tu, irudi siku iliyopangwa.
Mtoto alimkataa, akalia, akanipiga teke mimi,
kisha akamnusa mama yake shingoni, akatulia.

Usiku, joto la Aprili limenikalia kifuani.
Wino haujatoka doleni.
Namsikia akiinuka gizani, unyayo kwa unyayo.
"Mama, dirisha nilifunge?"

Nikanyamaza, muda mrefu kuliko hakimu.