Zamu ya Jumanne

Walikuja na futi kamba ya fundi ujenzi,
ya njano, iliyokatika mwanzoni,
inaanza kuhesabu kwenye sentimita ya kumi na nne,
na kila walipopima walisahau kuzitoa.
Ndiyo maana kwenye karatasi
kihamba cha baba ni kirefu kuliko kilivyo.

Elinami, kifungua mimba, alipewa juu, kando ya barabara.
Aminieli akapewa bondeni, ingawa ana duka la vipuri mjini
na hajashika jembe tangu darasa la saba.
Ndekirwa alisikiliza kwa simu kutoka Dodoma,
simu imewekwa juu ya kinu ili sauti isikatike.
Nyumba ikabaki kwa Barikieli, kitinda mimba,
kama ilivyo desturi,
na mama ndani ya nyumba, kama ilivyo desturi.

Mashina ya kahawa mia moja na kumi na saba.
Thelathini na tisa yamekufa wima.
Ng'ombe je?
Ng'ombe tuliyemkatia majani miaka sita si wetu,
ni wa Mama Nkamangi, amewekwa kwetu;
wetu ni ndama wa pili,
na ndama wa pili alikwenda na jeneza.

Kisha wakapanda masale kwenye kila kona.
Sale hilohilo
tunalopelekeana tukiombana radhi,
sasa linasimama katikati ya ndugu
likiwa bichi, halijui limetumwa kusema nini.

Mwenyekiti wa kitongoji aliandika: na binti mmoja.
Akafunga kalamu.

Nikasema, mimi naomba Jumanne.

Wakatazamana.
Jumanne usiku, tangu saa sita hadi jogoo la kwanza,
maji ya mfongo ni yetu.
Babu aliilipia zamu hiyo kwa beberu mmoja
na mapipa ya mbege ambayo hakuna aliyeyahesabu,
baba akaamka kwa ajili yake miaka arobaini,
akirudi na miguu myeupe kama ya maiti wa majini.
Haina kona nne. Haipimiki kwa futi.
Ndiyo maana hakuna aliyeikumbuka.

Aminieli alicheka kwanza: mpeni, mpeni,
atamwagilia cherehani yake huko Majengo!
Wakacheka wote, hata simu juu ya kinu ilicheka.
Mama alikuwa anamenya ndizi.
Kisu kikasimama.
Halafu kikaendelea.

Mwenyekiti akafungua kalamu tena.

Sasa ni Februari, kahawa imekunja majani.
Nashona sare za shule hadi jioni,
nafunga chumba, napanda mlima na jembe na tochi,
na buti za marehemu, saizi tatu zaidi ya mguu wangu.
Naziba mfongo wa jirani kwa gogo la mgomba na udongo,
nachuchumaa, nasubiri.
Yanakuja taratibu,
yananusa njia kama mbwa aliyefukuzwa akarudi,
yanasukuma mbele majani makavu, kizibo cha soda, chura.
Yanapita sale la kwanza bila kubisha hodi.
Yanapita la pili.
Pale kaburini mfereji unapinda kidogo;
baba ndiye aliyeupinda, mwaka ule alipoanza kukohoa,
na sisi tulidhani anakwepa jiwe.

Usiku wa jana niliona taa ikishuka kutoka juu.
Elinami, amejifunga blanketi, hana viatu.
Akasimama upande wake wa sale.
Akakohoa, kama mgeni anavyokohoa uani,
akasema: dada, leo nitapata hata kidogo?

Hajawahi kuniita dada.
Huniita jina, au huniita wewe.

Nilitaka kumjibu kitu kikubwa.
Nilikuwa nimekiandaa tangu siku ya futi kamba,
nimekipiga pasi, nimekikunja.
Lakini maji yalikuwa yameingia buti la kushoto,
lile lenye tundu,
na yalikuwa baridi ajabu,
nikamwambia tu:
shika tochi, mulika hapa.